Tuchore Kwanza, Tukokotoe Baadaye

Wanachuo wengi, wawapo katika mazoezi ya kufundisha, hutafuta wastani wa darasa mara tu wamalizapo kusahihisha jaribio. Wastani ukiwa 50, huandika kuwa darasa ni la kadiri, wakafunga daftari. Sisi twaona kwamba desturi hiyo ina hatari.

Na tuchukue madarasa mawili yenye wanafunzi kumi kila moja. Katika la kwanza, watano wamepata 45 na watano 55. Katika la pili, watano wamepata 20 na watano 80. Wastani ni 50 kote kuwili. Lakini darasa la pili lina watoto watano waliozama, na wastani umewafunika.

Mwaka 1973 mtaalamu wa takwimu, Francis Anscombe, alitoa mafungu manne ya namba, kila fungu likiwa na jozi 11. Katika yote manne wastani wa x ni 9, wastani wa y ni karibu 7.5, na mstari unaozilingana nukta ni takriban y = 3 + 0.5x. Atazamaye hesabu hizo tu ataapa kwamba mafungu hayo ni mamoja. Yachorwapo, la kwanza limetawanyika kandokando ya mstari; la pili limejipinda kama upinde; la tatu limenyooka, ila nukta moja imeruka juu; la nne limesimama wima penye x = 8, ila nukta moja iliyo mbali, nayo ndiyo iuvutayo mstari.

Programu ya R, itolewayo bure, inayo mafungu hayo tayari. Funksheni yake iitwayo plot hupokea orodha mbili za namba ikachora nukta; iitwayo hist hupokea orodha moja ikaonyesha alama zimerundikana wapi. Kuzitumia hakumhitaji mwanachuo awe fundi wa kompyuta.

Huenda mtu akasema kwamba shule nyingi hazina kompyuta. Ni kweli. Lakini funksheni ni nini, ila kanuni ipokeayo namba, ikazitenda jambo lile lile kila mara, ikatoa jibu? Watoto wenyewe waweza kuitenda uwanjani: andika namba chini kwa mstari, kisha kwa kila alama weka kijiwe kimoja juu ya namba yake. Mashine huongeza wepesi tu. Fikra ni ile ile.

Hatusemi kwamba wastani utupwe. Mchoro huzusha swali, nayo hesabu hulipima. Tusemalo ni kwamba utaratibu ugeuzwe. Ndugu mwanachuo, kabla hujaandika wastani katika kitabu cha alama, chora. Ukiona vilima viwili badala ya kimoja, jua kwamba somo la kesho haliwezi kuwa moja kwa wote, na kwamba wako watoto wanaokungoja.