Nyika Si Mali Isiyo na Mwenyewe

Wahenga waliponena kwamba wapiganapo fahali wawili ziumiazo ni nyasi, waliyateua majani kuwa kielelezo cha mnyonge anayeadhibiwa kwa ugomvi asioujua. Katika Hifadhi ya Kitaifa ya Maasai Mara methali hiyo haihitaji kufasiriwa kimafumbo. Nyasi huumia hasa. Huumizwa na magurudumu ya magari yanayoiacha barabara ili mtalii afikishwe hatua chache kutoka kwa simba au duma. Na aghalabu hakuna hata ugomvi, ipo haraka tu na tamaa ya picha.

Kiini cha tatizo hili kinaanzia kwenye neno. Katika matumizi ya kila siku, "mali ya umma" imegeuka kuwa jina jingine la mali isiyo na mwenyewe, kitu cha kuchotwa na anayewahi. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 haikulielewa neno hilo hivyo. Ibara ya 62 inazitaja hifadhi za wanyama na mbuga za kitaifa miongoni mwa ardhi za umma, na inaeleza kwamba ardhi hiyo hushikiliwa kwa niaba ya wananchi kama amana. Mwenyewe basi yupo, tena ni wengi. Ibara ya 69 nayo inamtwika kila mtu wajibu wa kushirikiana na vyombo vya dola katika kuyalinda mazingira. Anayemiliki kitu pamoja na wenzake hakupewa idhini ya kuiharibu sehemu ya wenzake.

Madhara yenyewe ni ya polepole, na kwa sababu hiyo hupuuzwa. Sehemu kubwa ya Mara ina udongo mweusi wa mfinyanzi ambao hupasuka wakati wa kiangazi na kuteleza kama sabuni wakati wa masika. Gari zito linapopita juu yake, udongo hushindiliwa na maji hukosa pa kupenya. Mvua inayofuata huugeuza mfuo wa magurudumu kuwa mfereji. Dereva wa pili, kwa kuuogopa mfereji, hupita kando. Wa tatu hupita kando ya kando. Hivyo njia moja huzaa njia saba, na mahali palipokuwa malisho ya nyumbu na pundamilia hubaki makovu yanayoonekana hata kutoka angani.

Wanyama nao hawasalimiki. Duma jike huwaficha watoto wake nyasini, na baadhi ya ndege hutaga ardhini penyewe. Dereva aliye juu ya kiti chake haoni anachokikanyaga. Utafiti wa Femke Broekhuis uliochapishwa mwaka 2018 ulionyesha kwamba mahali penye watalii wengi katika eneo la Mara, kila uzazi wa duma ulitoa kwa wastani watoto 0.2 waliofikia umri wa kujitegemea, ilhali penye watalii wachache wastani huo ulikuwa 2.3. Utafiti huo haukudai kwamba magari yaliwaua watoto hao moja kwa moja. Hata hivyo, tofauti hiyo inamtosha mwenye kutafakari, kwani mama anayezingirwa na magari hawindi kwa utulivu, na asiyewinda halishi.

Fauka ya hayo, binadamu mwenyewe hujiponza. Nyasi ndefu huficha mashimo ya ngiri na muhanga, na gurudumu likizama humo, gari hukwama au hupinduka. Abiria waliokwama mbali na barabara, karibu na simba waliyemfuata, hawana pa kushukia.

Ni rahisi kumtupia dereva lawama zote, lakini lawama hizo zitakuwa nusu ya ukweli. Tangu mwaka 2024, mgeni kutoka ng'ambo hulipa dola 200 kwa siku kuingia Mara kati ya Julai na Desemba. Aliyelipa kiasi hicho hutarajia kuona, na dereva hujua kwamba bakshishi itapimwa kwa ukaribu wa simba. Akibaki barabarani ilhali mwenzake amechepuka, ndiye atakayeonekana hajui kazi. Kanuni ya kutozidisha magari matano mbele ya mnyama mmoja huvunjwa chini ya shinikizo hilohilo. Adhabu inayoishia kwa dereva pekee humwadhibu mkono na kuusahau moyo ulioutuma. Kampuni inayomwajiri na mgeni anayemshurutisha wanapaswa kuonja sehemu yao ya faini.

Haya hayamaanishi kwamba kuiacha barabara ni haramu kila mahali. Mashindano ya Rhino Charge, yaliyoanza mwaka 1989, huwapa madereva saa 10 kuvifikia vituo 13 porini kwa kupita njia fupi kadiri wawezavyo. Hufanyika kwa makubaliano na wenye ardhi, na michango yake ilisaidia kujenga ua wa takriban kilomita 400 kuizunguka milima ya Aberdare, ua uliokamilika mwaka 2009. Vilevile, katika hifadhi za jamii zinazopakana na Mara, kama vile Olare Motorogi na Naboisho, wenye ardhi wamewekeana mapatano na wenye kambi, idadi ya magari ina kikomo, na kutoka barabarani kunaruhusiwa kwa masharti. Kinachotenganisha hali hizi na uharibifu si ustadi wa dereva wala ubora wa gari lake. Ni idhini ya mwenye mali, mahali mahususi na kipimo kinachojulikana. Palipokosekana mambo hayo matatu, hata gari jipya kabisa ni mwizi wa mchana.

Hapa ndipo wanataaluma wa Kiswahili wanapoguswa. Madereva wa Mara hupashana habari redioni kwa Kiswahili, tena kwa msimbo walioubuni wenyewe: simba dume huitwa "sharubu", na "madoadoa" humtaja duma au chui, ili mgeni aliyejifunza neno "simba" asigundue mapema. Ubunifu huo unastahili kuchunguzwa na mwanaisimujamii yeyote. Lakini ndio pia unaoyakusanya magari ishirini mahali pamoja kwa dakika chache. Lugha yenye uwezo wa kuwaita madereva haikosi uwezo wa kuwazuia. Kiswahili ni lugha ya taifa na pia lugha rasmi kwa mujibu wa Ibara ya 7, hivyo kanuni za hifadhi zinastahili kuandikwa kwa Kiswahili kinachoeleweka, kisichotafsiriwa neno kwa neno, na kinachoeleza sababu ya kila katazo badala ya katazo tupu. Idara za Kiswahili zina wanafunzi wanaotafuta mada za tasnifu. Chama cha wanafunzi kina nguvu kazi ya kutafsiri, kuhariri na kuzungumza na madereva wenyewe. Istilahi iliyofungiwa maktabani haimkingi duma.

Mwenda pole hajikwai, na nyikani kutojikwaa kwa dereva ni uzima wa wengi. Umma ukijitambua kuwa ndio mwenyewe, barabara itatosha.