PANGABOI KUUKUU NA WAYA WA TATU

Joto la Dar es Salaam tangu Desemba mpaka Machi halichagui mtu. Mfanyakazi aliyeshinda kazini hurudi chumbani mwake, bati likiwa limenywa jua mchana kutwa, na usingizi ukamkataa. Kwa hiyo hatumlaumu akinunua kwa bei ndogo pangaboi lililofunguliwa katika mashine kuukuu. Kufufua kilichotupwa ni busara. Tunalolipinga ni desturi ya kukifufua nusu, na nusu ya pili kuiachia bahati.

Umeme wa majumbani mwetu ni wa volti 230. Jambo la kwanza, basi, ni kusoma kibati cha mota. Pangaboi lililoundwa kwa matumizi ya Marekani huandikwa volti 120 au karibu yake, na likitiwa katika soketi zetu litaungua. Lisilo na maandishi yanayosomeka lisitiwe umeme mpaka fundi alipime.

La pili, nalo ndilo kubwa, ni waya wa tatu, ule wa kijani na manjano, au kijani kitupu katika vyombo vya zamani. Huu ni waya wa ardhi. Wako mafundi wanaoukata kwa kuwa pangaboi lazunguka bila huo. Ni kweli, lazunguka. Lakini siku waya wa moto utakapogusa fremu ya chuma, waya wa ardhi ndio utakaoupitisha umeme kwa nguvu ya kukata fyuzi. Usipokuwapo, fremu itakaa na umeme wake kimya, ikimngoja mama anayepiga deki miguu mitupu au mtoto anayetambaa. Vyombo vyenye alama ya mraba ndani ya mraba peke yake ndivyo vilivyoundwa visihitaji waya huo.

La tatu ni fyuzi. Pangaboi la wati 50 hula umeme kidogo, kwa hiyo fyuzi ya ampea 3 katika plagi yatosha. Ya ampea 13 huweza kuuacha waya mwembamba uungue kabla haijakatika. Anayefunga kipande cha waya mahali pa fyuzi ameondoa mlinzi mlangoni.

Tena, kabla ya kulitia umeme, mapanga yazungushwe kwa mkono. Yakiwa mazito, yasafishwe vumbi na ekseli itiwe mafuta, maana mota iliyokwama huku umeme ukipita huchemka na yaweza kuwasha moto watu wamelala. Viungo vya waya vifunikwe ndani ya kisanduku, mapanga yazungushiwe wavu, na chandarua kikae mbali.

Watasema maskini hana uwezo wa hayo yote. Sisi twajibu kwamba fyuzi, wavu na waya mzima ni vitu vya bei ndogo, na fundi mwaminifu huvihesabu katika kazi yake tangu mwanzo. Lakini waya wa tatu haufai kitu ikiwa nyumba yenyewe haikufungwa waya wa ardhi. Hapo mpangaji hana la kufanya peke yake, na mwenye nyumba apokeaye kodi kila mwezi hana budi kuitwa atimize wajibu wake.

Ndugu wafanyakazi, fundi akikurudishia pangaboi lenye waya mbili na fremu ya chuma tupu, usilipokee. Mwambie kazi haijaisha.