Vyuma vya meno vimetolewa, lakini kazi haijaisha

Mwezi uliopita alinijia kliniki binti mmoja wa mwaka wa tatu katika chuo kikuu. Shida yake ilikuwa koo. Nilipomwomba afungue kinywa nimtazame, alisita, akaufunika mdomo kwa kiganja, kisha akafungua nusu. Nilidhani ni maumivu. Kumbe ilikuwa haya, na aliyekuwa akionewa haya ni mimi.

Nilikijua kinywa kile. Miaka mitano iliyopita, alipokuwa katika shule ya upili, ni mimi niliyemwandikia barua ya kumpeleka kwa daktari bingwa wa kunyoosha meno. Meno yake ya mbele yalikuwa yamepandana, chakula kikikwama kati yake na ufizi ukivuja damu kila alipopiga mswaki. Baba yake, mwalimu wa shule ya msingi, alichukua mkopo katika SACCO ya walimu ili binti avae vyuma. Vilitolewa baada ya takriban miaka miwili, majuma machache kabla hajaingia chuoni. Siku hiyo alipita kliniki kunionyesha, akicheka kwa kinywa kizima.

Sasa meno mawili ya chini yalikuwa yamepandana tena. Moja la juu, upande wa kushoto, lilikuwa limeanza kugeuka.

“Riteina yako iko wapi?” nikamwuliza.

“Ilipotea, daktari. Muhula wa kwanza.”

Alikuwa ameivua mezani katika mkahawa wa chuo ili ale, akaifunga kwa karatasi ya shashi, akaiweka kando ya sahani. Mhudumu alipoondoa vyombo, ilikwenda na mabaki. Aliogopa kumweleza baba yake, kwani alijua jinsi mshahara ulivyokuwa ukikatwa. Halafu akajiambia kuwa meno yameshanyooka, riteina ya nini tena? Kilichomliza pale kliniki si meno. Ni kwamba baba yake alimaliza kulipa mkopo ule mwaka huu huu.

Ningeweza kumlaumu binti, na ni rahisi kufanya hivyo. Lakini niliporudi kwenye faili nikaisoma barua niliyoandika, niliona mistari minne tu: meno yamepandana, ufizi una ugonjwa, tafadhali msaidie. Baba yake aliponiuliza vyuma vitakaa muda gani, nilimjibu, “Kama miaka miwili hivi, mwalimu, kisha yamekwisha.” Yamekwisha! Neno hilo lilikuwa la uongo, ingawa sikukusudia kudanganya. Mimi ni daktari wa magonjwa ya kawaida, wala si bingwa wa meno, lakini hilo si kisingizio. Mzazi hukopa kwa kutegemea maneno yetu.

Maoni yangu ni haya: vyuma ni nusu ya matibabu tu. Nusu ya pili ni riteina, yaani kile kifaa cha plastiki au cha waya kinachoyashika meno mahali pake baada ya vyuma kutolewa. Mzazi au mwanafunzi asiyeelezwa habari ya nusu hii ya pili, na gharama yake, hajaelezwa matibabu anayonunua.

Ili tuelewane, yafaa tujue jino husogeaje. Jino halikukwama katika taya kama msumari katika ubao. Limeshikwa na nyuzi nyembamba zilizo kati ya mzizi na mfupa. Chuma kinapolisukuma kwa nguvu ndogo lakini ya kudumu, mfupa wa upande unaosukumwa humomonyoka polepole, na nyuma yake hujengwa mfupa mpya. Ndipo jino likasogea, aghalabu kiasi cha milimita moja kwa mwezi. Hii ndiyo sababu vyuma huchukua mwaka mmoja na nusu hadi miwili, au zaidi, na ndiyo sababu haifai kumharakisha daktari.

Siku vyuma vinapotolewa, mfupa ule mpya bado ni mchanga. Nyuzi zilizovutwa nazo hazijasahau mahali pa zamani. Zile zinazouzunguka mzizi huhitaji miezi kadhaa kujipanga upya, na zile za ndani ya ufizi huweza kuchukua mwaka mzima na zaidi. Katika muda huo meno hutaka kurudi kwao. Mwenda tezi na omo marejeo ni ngamani.

Wala si mwaka wa kwanza tu. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Washington kule Seattle, Marekani, wakiongozwa na Robert Little, waliwafuata kwa miaka mingi watu walionyooshwa meno kwa vyuma baada ya kung’olewa baadhi ya magego ya mbele. Katika matokeo waliyochapisha mwaka 1988, miaka 20 baada ya watu hao kuacha riteina, ni asilimia 10 hivi tu waliokuwa na meno ya mbele ya chini yaliyopangika kwa kiasi cha kuridhisha. Waliosalia yalikuwa yamebanana tena. Hata mtu ambaye hajavaa vyuma maishani, meno yake ya chini huelekea kubanana kadiri anavyozeeka. Basi mwenye kutaka meno yake yabaki yalivyo hana budi kuvaa riteina usiku kwa miaka mingi, wala si miezi mitatu.

Sasa tazama ni lini kijana wa Kenya aghalabu hutolewa vyuma: ni pale anapomaliza shule ya upili au anapoingia chuoni. Huo ndio wakati anapoondoka machoni pa mama yake. Daktari wake yuko Nairobi, yeye amepelekwa chuo cha Eldoret au Maseno. Analala chumba kimoja na wenzake watatu. Pesa zake za HELB zina kazi nyingi, na riteina haimo katika orodha. Hakuna mtu wa kumwuliza usiku, “Mwanangu, umevaa?” Kwa maneno mengine, tunamkabidhi kijana sehemu ngumu kuliko zote ya matibabu katika mwaka ule ambao ana mambo mengi kuliko miaka yote, halafu tunashangaa meno yakirudi.

Najua wako wasomaji watakaosema kuwa hii ni anasa. Nchi ina malaria, kifua kikuu na wajawazito wanaokosa damu, nawe daktari unatuletea habari za meno kupandana! Neno hilo lina uzito, na sitalidharau. Si kila jino lililopinda linahitaji chuma. Ukiweza kutafuna vizuri, kusafisha pembe zote na kucheka bila kujificha, basi kaa na meno yako uliyopewa na Mungu. Pengo dogo la mbele limehesabiwa urembo hapa kwetu tangu zamani. Lakini kuna kinywa ambacho meno yake ya chini hukwaruza ufizi wa juu kila mtu anapouma. Kuna meno yaliyojitokeza mbele kiasi kwamba mtoto akianguka ndiyo yanayovunjika kwanza. Kuna kijana anayekwenda kwenye mahojiano ya kazi akiwa ameufunika mdomo kwa mkono. Hao wana haja ya kweli. Na ukishaamua kuwa haja ni ya kweli, basi itimize mpaka mwisho. Anasa kubwa zaidi ni kulipa zaidi ya shilingi laki moja, kisha kuziacha zipotee kwa kukosa kifaa cha sehemu ndogo ya bei hiyo.

Niseme pia na wale wanaoanza kuvaa vyuma wakiwa chuoni. Mara kwa mara huniuliza kama wamechelewa. La, hamjachelewa. Mradi ufizi na mfupa ni wenye afya, meno ya mtu wa miaka 20, hata ya miaka 40, husogea. Wenzako wakikucheka kuwa mtu mzima amevaa vyuma vya watoto, kicheko hicho kitakwisha kabla ya muhula. Swali la kujiuliza ni jingine: je, nitaweza kumwona daktari kila wiki nne hadi nane kwa miaka miwili mfululizo, likizo na mtihani, karo ikiwa imelipwa au haijalipwa? Kama jibu ni hapana, subiri. Vyuma vilivyoachwa kinywani bila kutazamwa huendelea kusukuma meno, na si lazima viyapeleke mahali panapotakiwa. Chakula kikiganda kando yake, madoa meupe huweza kuanza kuonekana katika muda wa mwezi mmoja tu, na hayo ndiyo mwanzo wa jino kuoza. Nimewahi kumpokea kijana ambaye hakuwa amemwona daktari wake kwa zaidi ya mwaka kwa sababu ya deni. Vyuma vilipotolewa, meno yalikuwa yamenyooka kweli, na manne yalikuwa yameoza.

Ukihamishwa chuo, usihame kimya. Mwombe daktari wako nakala ya picha za eksirei na barua ya kumpelekea mwenzake wa mji uendako. Hiyo ni haki yako. Na kabla ya kumpa mtu yeyote kinywa chako, hakikisha amesajiliwa: Baraza la Madaktari na Madaktari wa Meno (KMPDC) lina orodha ambayo yeyote anaweza kuitazama mtandaoni. Wako watu wanaobandika vyuma vya urembo katika vyumba vya saluni, na wako vijana wanaofunga meno kwa mipira midogo waliyojinunulia ili kuziba pengo. Mpira huo huteleza juu chini ya ufizi, ukapanda kwenye mzizi bila kuonekana, na jino zima huweza kung’oka.

Kwa mwenye riteina, masharti si mengi. Ivae kama ulivyoagizwa, kwa kawaida mchana na usiku hapo mwanzo, kisha usiku tu. Ivue unapokula, na isipokuwa kinywani iwe ndani ya kijaluba chake. Isiwe katika shashi, wala mfukoni, wala juu ya sinia. Isafishe kwa mswaki na maji baridi, kwa kuwa maji moto huipinda ile ya plastiki. Usiiache juani wala ndani ya gari lililofungwa. Ukiivaa ukahisi inabana kuliko jana, ujue meno yameanza safari. Ikikataa kuingia, usiilazimishe. Mwone daktari juma hilo hilo. Kama yako ni ule waya mwembamba uliobandikwa nyuma ya meno, uguse kwa ulimi kila siku, kwani huweza kubanduka upande mmoja bila wewe kujua.

Na kwa sisi tulio upande wa pili wa meza, nina ombi moja. Mgonjwa anapotajiwa bei ya vyuma, riteina iwe imo ndani ya bei hiyo, iandikwe katika karatasi, na ya akiba itajwe itagharimu kiasi gani. Tumwambie mzazi wazi siku ya kwanza kwamba atanunua nyingine siku moja, kwa maana zitapotea na zitavunjika. Mzazi akijua, ataweka kando kidogo kidogo. Na mtoto akijua kuwa kupoteza riteina kulitarajiwa, hataogopa kusema. Woga ule ndio uliomgharimu binti wa mwalimu. Siku ile ya mkahawani, ilikuwa bado ni shida ya kifaa kimoja. Baada ya miaka miwili ya kunyamaza, imekuwa shida ya vyuma upya. Usipoziba ufa utajenga ukuta.

Nilimtibu koo lake. Kisha, kwa idhini yake, nilimpigia simu baba yake akiwa ameketi pale pale, nikaanza kwa kuomba radhi kwa lile neno nililomwambia miaka mitano iliyopita. Mwalimu alinyamaza kitambo, akauliza kama meno yanauma. Nikamwambia hayaumi. Akasema, “Basi mwambie aje nyumbani wikendi, tuongee.” Daktari bingwa ameyatazama meno tangu siku hiyo. Kwa kuwa hayajasogea mbali sana, anaona meno ya mbele yanaweza kurudishwa kwa miezi michache, wala si miaka miwili.

Safari hii barua yangu ilikuwa ya ukurasa mzima. Mzazi unayesoma haya, kama una kijana aliyetolewa vyuma karibuni, mpigie simu jioni ya leo. Ukishamwuliza habari za masomo na chakula, mwulize pia iko wapi riteina yake. Akikwambia imepotea, usimgombeze.