Ukishuka Tea Room, Usikimbilie Eastleigh

Kijana wa Ruiri! Hebu jibu kwa ukweli: ukishuka Tea Room pale Nairobi huwa unaenda wapi? Eastleigh, nguo za Idd, kisha gari la Meru. Mji mzima umeupita kama duka.

Safari ijayo pitia Makumbusho ya Reli kwanza, karibu na stesheni ya zamani. Yako wazi tangu 1971, na hutapata mahali pazuri zaidi pa kuelewa Nairobi ilitoka wapi, maana mji wenyewe ni mtoto wa reli. Ujenzi ulianza Mombasa 1896. Mei 1899 vyuma vikafika kwenye tambarare yenye maji baridi, malisho ya Wamaasai. Mbele kulikuwa na mlima wa kupanda, kwa hivyo wakoloni wakaweka bohari na karakana hapo hapo. Makao makuu ya reli yakahama kutoka Mombasa, na 1905 serikali nayo ikafuata. Yaani jiji hili lote lilianza kama gereji!

Ndani utaona injini za mvuke kubwa ajabu. Utaona pia behewa la Charles Ryall, mkubwa wa polisi wa reli, aliyeburutwa nje na simba usiku pale Kima mwaka 1900. Piga picha, hakuna shida. Lakini simama kidogo hapo. Mzungu mmoja aliyeuawa na simba ana behewa lake, na jina lake tunalijua hadi leo. Vibarua walioletwa kutoka India walikuwa zaidi ya 30,000, na karibu 2,500 walikufa kabla kazi haijaisha. Unamjua hata mmoja kwa jina? Wengi walitoka Punjab: Waislamu, Masingasinga, Wahindu. Na Waafrika waliofyeka njia na kubeba mizigo, je?

Mbona tunakusumbua na mambo ya kale? Kwa sababu kwa miaka mingi mwenye jina la Abdi au Khadija aliweza kufika dirishani kuomba kitambulisho akaulizwa babu yake alitoka wapi. Na darasani kuna mwenzako anaamini ati Waislamu ni watu wa Pwani, huku bara ni wageni tu.

Mtazame Mnubi wa Kibra. Wazee wake walikuwa askari wa jeshi la Mwingereza, wakapewa msitu ule waishi. Mwaka 1918 eneo la zaidi ya ekari 4,000 lilitengwa rasmi. Nairobi ikakua ikawazunguka. Mwaka 2011 kamati ya Afrika ya haki za mtoto iliamua kwamba Kenya imevunja haki za watoto wa Kinubi, waliokuwa wakikua bila uhakika wa uraia. Hati ya ardhi ikatoka 2017, nayo ni ekari 288. Toa hesabu mwenyewe.

Basi usitarajie vioo vya makumbusho vikueleze kila kitu. Muulize mwelekezi kwa adabu: nani walilala kwenye kambi za vibarua? Walizikwa wapi? Pangani ya zamani, kijiji cha Waswahili kilichobomolewa mwishoni mwa miaka ya 1930, watu wake walipelekwa wapi? Huyo si ugomvi. Swali la kijana aliyesoma kidogo kabla ya kuja humfurahisha mwelekezi yeyote anayependa kazi yake.

Kama nauli ya Nairobi haipo mwezi huu, anza na Makumbusho ya Meru hapo mjini, ndani ya ofisi ya zamani ya DC. Maswali ni yale yale.

Nendeni watano au sita, Jumamosi asubuhi. Adhuhuri mtaiswali Jamia, msikiti uliojengwa kati ya 1925 na 1933, na kutoka makumbusho mtafika kwa miguu. Mmoja awe na simu yenye chaji arekodi, kisha mtuandikie hapa chini mliuliza nini na mkajibiwa nini.