Si Maiti Huyo, Kalala Tu!

Wiki hii naandika kwa upole, maana mdudu kanitia adabu.

Mwaka juzi nilikuwa na vijisenti vya mahari. Nikasema nivizungushe kwanza: nikalima mahindi Kipatimu kwa bibi, kule milima ya Matumbi. Nikavuna vizuri, mabua nikayasimamisha pembeni mwa shamba, nikarudi zangu Dar kutamba kijiweni.

Agosti nikaenda kumsalimia bibi. Nikapasua bua moja, ndani funza kajikunyata, kimya.

"Bibi, huyu si keshakufa?"

Bibi akacheka. "Mume wangu, huyo anangoja mvua. Yalaze mabua juani."

Mimi na kidato cha nne changu nikaona hayo ni mambo ya kizamani. Mvua ziliponyesha, "maiti" wangu wakaamka, wakageuka nondo, wakataga kwenye mahindi mapya. Sikuvuna hata debe. Mchumba kanuna mpaka leo!

Ndipo nikaanza kuuliza. Kumbe wadudu wengi wana mapumziko ya msimu, na kila mmoja ana saa yake. Funza wa mabua hulazwa na bua likikauka, huamshwa na maji ya mvua. Lakini yuko nzige mwekundu wa bonde la Rukwa, yule ambaye kati ya 1930 na 1944 alihangaisha wakulima wa nchi kibao za Afrika. Huyo husoma mwanga! Mwaka 1959 mtafiti M. J. Norris wa Uingereza alionyesha kuwa mchana ukifupika, nzige huyo huchelewa kupevuka. Kiangazi kizima anakula na kuruka, lakini kutaga mpaka mvua zikaribie.

Sasa pima mwenyewe: Kipatimu, mchana wa Desemba unauzidi wa Juni kwa saa moja hivi tu. Wewe na saa yako ya mkononi uliwahi kugundua? Kule Ulaya, ambako tofauti ni kubwa zaidi, wadudu wengi hujiandaa kulala kabla baridi haijapiga hodi. Manyunyu yanaweza kukudanganya, baridi nayo vilevile. Jua halina longolongo.

Mwaka huu mabua nimeyalaza juani wiki nne, funza wakaangike humohumo. Mahari naanza kudunduliza upya.

Shikamoo, bibi! Wiki ijayo, panapo majaliwa.