Je, USB 2.0 Imepitwa na Wakati? Hoja Kutoka Tunduma

Mwaka jana niliomba fedha kidogo za kuwarekodi wazee wanaozungumza Kinyamwanga na Kinyiha katika wilaya za Momba na Mbozi. Katika orodha ya vifaa niliandika intafesi moja ya sauti, yaani kile kisanduku kinachopokea waya wa maikrofoni na kuipeleka sauti kwenye kompyuta. Orodha ilirudishwa ikiwa na maandishi mekundu pembeni: "USB 2.0 imepitwa na wakati. Wasilisha upya."

Niliwasilisha upya. Ikapita miezi mitano. Fedha zilipotoka, mzee mmoja wa Momba, aliyekuwa akikumbuka masimulizi ya ukoo wake kwa Kinyamwanga ambacho vijana wa leo hawakisemi tena, alikuwa ameshazikwa. Siitaji ofisi wala mtu. Aliyeandika maneno yale hakuwa na nia mbaya. Alikuwa na imani kwamba kiwango kipya cha kuunganisha vifaa huleta sauti bora. Imani hiyo ndiyo ninayoihoji.

Tupige hesabu. Sauti ya chaneli mbili, ya biti 24 na sampuli 48,000 kwa sekunde, huhitaji takribani megabiti 2.3 kwa sekunde. USB 1.1 ya mwaka 1998 hubeba megabiti 12. USB 2.0, iliyotoka mwaka 2000, hubeba 480. Tuseme sasa tunarekodi kwaya kwa maikrofoni nane na sampuli 96,000. Tutahitaji megabiti 18.4. Hapo USB 1.1 imeshindwa kweli, lakini USB 2.0, hata tukiipunguzia nusu ya kasi yake ya kwenye karatasi, bado ina nafasi tele. Kudai USB 3.0 ya mwaka 2008, yenye gigabiti 5, kwa ajili ya mahojiano ya watu wawili ni sawa na kujenga barabara ya njia nane ili bodaboda mbili zipite.

Wapo watakaosema kwamba kiwango kipya hupunguza ucheleweshaji wa sauti. Sehemu kubwa ya ucheleweshaji huo hutokana na bafa, yaani sauti inayokusanywa kwanza kabla ya kuchakatwa. Bafa ya sampuli 128 kwa kasi ya sampuli 48,000 huchukua milisekunde 2.7, iwe waya ni mpya au wa zamani. Wengine hutazama umbo la tundu na kudhani kila chenye USB-C ni kipya ndani. iPhone 15 ya mwaka 2023 ina tundu la USB-C, lakini kasi yake ya kupitisha data ni ile ile ya USB 2.0. Ubora wa rekodi huamuliwa na maikrofoni, utulivu wa chumba, na sehemu ya intafesi inayogeuza sauti kuwa tarakimu.

Hata hivyo, haki itendeke kwa upande wa pili. USB 3.0 hutoa umeme zaidi, miliampea 900 dhidi ya 500, na kifaa chenye maikrofoni nyingi kinaweza kuuhitaji. Pia kuna viwango ambavyo kweli vimefika mwisho. FireWire ilipendwa sana studioni, na kasi yake ya megabiti 400 bado ingetosha kwa kwaya yetu. Lakini kompyuta mpya hazina tundu lake, na mwaka 2025 Apple iliiondoa katika macOS Tahoe. Sauti yake haikuharibika. Kilichokosekana ni mahali pa kuichomeka.

Sisi wa Tunduma tuna mfano wa jambo hili mbele ya macho yetu. Reli ya TAZARA, iliyokamilika mwaka 1975, ina upana wa milimita 1,067. Reli ya Kati ya zamani ina 1,000, na SGR ina 1,435. Ukipima kwa upya pekee, utasema TAZARA ing'olewe. Lakini behewa linalovuka Nakonde hukuta reli za upana ule ule hadi Kapiri Mposhi na kuendelea. Thamani ya kiwango chochote iko katika kile kinachokuunganisha nacho, na kazi unayotaka kuifanya.

Kwa hiyo, ndugu zangu watumishi wa umma mnaopitisha orodha za vifaa, naomba neno "kimepitwa na wakati" litanguliwe na maswali matatu. Kazi inahitaji chaneli ngapi? Kifaa kitachomekwa kwenye kompyuta tulizonazo Vwawa, Tunduma na Ileje? Draiva zake bado zinatolewa? Majibu yakiwa mazuri, kifaa kipite, hata kama kiwango chake kina umri wa miaka 25. Thamani ya fedha tunayoihubiri katika manunuzi ya umma haiwezi kuwa na maana nyingine.

Nanyi wanafunzi, msingoje. Mwenye intafesi ya zamani inayofanya kazi aende nayo kijijini wiki hii, arekodi, na ahifadhi nakala mahali pawili tofauti.

Intafesi mpya ilinunuliwa hatimaye. Ni nzuri, sina malalamiko nayo. Nilipoifungua na kusoma kijitabu chake, nilikuta kwamba ina tundu la USB-C, na ndani yake inatumia USB 2.0.