Msichana akizingirwa njiani, watu wazima tupige yowe

Kila Januari wasichana wanaoanza kidato cha kwanza huja kwenye kibaraza changu kushonewa sketi, na kila mwaka wapo wanaorudi baada ya muda mfupi wakiomba jambo lile lile: "Mama, niongezee urefu." Sketi zenyewe zimeshavuka goti, kwa kipimo kilichotolewa na shule. Nikiuliza sababu, anatazama chini. Nikiendelea kumdadisi taratibu huku nafumua pindo, ndipo anatamka: "Wale wa kijiweni wananisema miguu."

Mimi ni fundi cherehani hapa Nkoma, wilaya ya Itilima, eneo ambalo lilikuwa sehemu ya wilaya ya Bariadi kabla mkoa wa Simiyu haujaundwa mwaka 2012. Kibaraza changu kinatazama barabara, na majirani zangu ni vijana wa bodaboda. Ninayoyaandika sikusimuliwa. Nayasikia kutwa, mguu ukiwa kwenye pedeli.

Nimeshusha mapindo mengi, na nasema kwa uhakika kwamba hayajamwokoa binti hata mmoja. Mwenye sketi ya kufika kifundoni anaitwa sawasawa na mwenye sketi ya gotini. Anaitwa aliyevaa hijabu. Anaitwa mama mwenye mtoto mgongoni na ndoo kichwani. Kwanza ni mluzi, kisha "Mtoto mzuri, njoo basi." Akipita kimya: "Mbona unaringa?" Akikaza mwendo, mmoja anawasha pikipiki na kumfuata polepole, tairi la mbele likikaribia visigino vyake. Akigeuka na kusema niache, anatukanwa: "Malaya wewe, nani anakutaka?" Kutoka mtoto mzuri hadi malaya, hajafika hata kwenye duka la pembejeo lililo mbele yangu.

Siku ya gulio ndiyo mbaya zaidi, hasa msimu wa pamba, vyama vya ushirika vya wakulima (AMCOS) vinapopima na vijana wana fedha mkononi. Hapo ndipo chagulaga inapotoka. Kwa msomaji wa mbali: kundi la vijana linamfuata msichana, linamzingira, linamwambia, "Chagulaga, mayu," yaani achague mmoja wao. Hapiti mpaka amtaje mtu. Akisitasita anavutwa khanga, anashikwa mkono, kikapu kinamwagika. Haya hayatendeki gizani. Yanatendeka saa tisa alasiri, kati ya wauza dagaa na wauza viatu, mbele ya watu waliokomaa wenye watoto wao nyumbani. Wengi wanacheka. Waliobaki wanageuza uso.

Mimi nilizingirwa nikiwa bado shule ya msingi. Mama alikuwa amenituma kuuza choroko. Waliponibana nilimtaja aliyekuwa mdogo kuliko wote, kwa sababu nilipiga hesabu kwamba huyo nitaweza kumshinda mbio. Nikamshinda kweli, lakini beseni la choroko lilibaki palepale. Nyumbani nilichapwa kwa kupoteza mali ya mama, na sikusema ilipotelea wapi. Leo nina watoto wakubwa, na sura za wale vijana zimenitoka. Ninayemkumbuka ni mama mmoja muuza mitumba aliyekuwa hatua chache tu kutoka pale. Alinitazama machoni, kisha akaendelea kukunja nguo zake.

Ndiyo maana sitaki kuandika makala nyingine ya kuwaambia wasichana wajasiri wapaze sauti. Binti wa miaka 14 aliyezungukwa na wanaume sita amebanwa, na sauti yake haimtoshi. Sauti inayotakiwa hapo ni ya mtu mzima aliyepo. Ni ya muuza nyanya, ya mpimaji, ya dereva mwenzao, ya mzee aliyekaa na kahawa yake. Unyanyasaji wa barabarani unaishi kwa sababu unatendwa mbele ya mashahidi wenye uhakika kwamba hautawahusu.

Najua nitajibiwa kwamba chagulaga ni mila. Wazee niliokua nikiwasikiliza walisimulia kuwa enzi zao vijana walikutana kwenye ngoma, ndugu wa msichana wakiwapo, na aliyependwa alijua njia ya kwenda kwa wazazi kuzungumza habari za ng'ombe. Sibishani na wazee kuhusu zamani yao. Nazungumzia ninayoyaona. Kijana wa leo anayemzingira mwanafunzi mwenye sare hana mpango wa kumwona baba yake. Hajui hata jina la ukoo wake. Akishampata anawasha pikipiki, na mimba ikionekana anahamia machimboni. Mila yoyote inayostahili heshima ina wajibu ndani yake. Hapa wajibu umetupwa, umebaki mkono unaovuta khanga.

Wengine husema ni utani tu. Sisi Wasukuma tunaujua utani, tunataniana na makabila jirani hata msibani, na mtani hukasiriki naye. Lakini utani ni wa pande mbili, kila mmoja ana zamu yake ya kusema. Sijawahi kuona msichana aliyezingirwa akipewa zamu yake.

Gharama yake tunailipa sote, hata kama hatuiandiki popote. Msichana anaacha njia fupi anazunguka mashambani, anafika shule kipindi cha kwanza kimekwisha. Mwingine haendi kabisa siku ya gulio. Mama anaacha kumtuma binti sokoni, na biashara ndogo ya familia inapungua. Baba akisikia kwamba mwanawe anafuatwa, haendi kijiweni kuwauliza wanaomfuata. Anaanza kumtafutia mume upesi kabla "hajaharibikiwa." Kuhusu ndoa kama hizo, mwanaharakati Rebeca Gyumi alikwenda Mahakama Kuu kupinga vifungu vya Sheria ya Ndoa ya 1971 vilivyoruhusu msichana aolewe akiwa chini ya miaka 18. Alishinda mwaka 2016, na Oktoba 2019 Mahakama ya Rufani ikaithibitisha hukumu hiyo. Lakini hukumu ya Dar es Salaam haiwezi kumfikia binti ambaye barabara ya kwenda shule imeshamfundisha kwamba mahali salama ni kwa mume.

Sheria ipo. Huku kwetu kila kijana wa bodaboda anaijua "miaka thelathini", adhabu iliyowekwa mwaka 2016 katika Sheria ya Elimu kwa anayempa mimba mwanafunzi. Wanaitaja, wanaiogopa. Lakini sheria hiyo huamka tumbo likishaonekana. Ipo nyingine inayoamka mapema, na karibu hakuna anayeijua: Kanuni ya Adhabu, kifungu cha 138D, kilichoingizwa na Sheria ya Makosa ya Kujamiiana ya mwaka 1998. Hiyo inasema anayetoa neno au sauti, au anayefanya ishara kwa nia ya kumkera mwingine kijinsia, ametenda kosa la unyanyasaji wa kijinsia, na kifungo chake kinaweza kufika miaka mitano. Neno na ishara, bila kusubiri mimba wala jeraha. Wanawake wa nchi hii walihangaika kuipata sheria hiyo, wakiwamo wanahabari wa TAMWA, chama kilichoanzishwa mwaka 1987. Si haki ibaki ndani ya vitabu vya mawakili mjini.

Tatizo ni kwamba sheria hiyo inataka mtu wa kusema: mimi nilikuwepo, nikaona, nikasikia. Binti akifika Dawati la Jinsia na Watoto kituo cha polisi, baada ya kutafuta nauli ya kufika huko, swali la kwanza ni nani alikuwepo. Gulio zima lilikuwepo. Akirudi kututafuta, mmoja anasema alikuwa anahesabu chenji, mwingine anasema hataki uadui na majirani. Baadaye wazee wa pande mbili wanakaa, linamalizwa kienyeji, na fidia anaipokea baba. Msichana kesho yake anapita mbele ya kijiwe kile kile.

Nasi si watu tusiojua kusema. Hapa ni Usukumani, ambako walinzi wa jadi, Sungusungu, walizaliwa mwanzoni mwa miaka ya 1980 wizi wa mifugo ulipozidi. Mpaka leo ng'ombe akiibwa usiku mtu anapiga yowe, yaani mwano, nalo linapokewa kutoka mji hadi mji, na wanaume wanatoka na fimbo hata kama ng'ombe si wao. Hakuna anayeuliza ng'ombe alikuwa amesimama wapi au kwa nini alikuwa nje saa hizo. Asiyetoka anatozwa faini, kwa sababu tulikubaliana kwamba anayemkalia kimya mwizi anamsaidia. Nauliza wenzangu kwa moyo mzito: kwa nini yowe hilo halipigwi msichana anapozingirwa mchana kweupe?

Wapo waliolipiga kwingine, na halikupotea bure. Katika masoko ya Dar es Salaam, shirika la Equality for Growth lilifanya kazi na mama lishe na wauza mboga waliochoshwa na matusi na kushikwashikwa. Kampeni yao iliitwa Mpe Riziki Si Matusi. Wafanyabiashara wa palepale sokoni walifundishwa sheria, wakawa watu wa kukimbiliwa na wenzao. Mama aliyetukanwa alipata mtu wa kusimama naye palepale, bila kwanza kuifunga meza yake na kwenda kutafuta msaada mbali.

Kwa jirani zetu wa Nairobi nako, Novemba 2014, mwanamke alivuliwa nguo na kundi la wanaume kwenye kituo cha matatu, eti amevaa vibaya. Wanawake walijaa barabarani, na wanaume waliowaunga mkono wakiwamo, wakidai kwamba nguo za mwanamke ni uamuzi wake. Kabla mwaka huo haujaisha Bunge la Kenya lilikuwa limeweka kosa mahsusi la kumvua mtu nguo kwa nguvu, adhabu yake kifungo cha miaka mingi. Hata hivyo Machi 2022 kundi la waendesha bodaboda lilimzingira mwanamke ndani ya gari lake mjini humo humo na kumdhalilisha, video ikaenea, na serikali ikatangaza msako. Funzo nililolipata ni kwamba sheria hata ikiwa kali haisimami yenyewe barabarani. Inasimamishwa na waliopo.

Basi nina mambo matatu ya kuomba, na yote yamo ndani ya uwezo wetu.

La kwanza ni la kijiji. Halmashauri ya kijiji ina mamlaka ya kutunga sheria ndogo zikaidhinishwa na halmashauri ya wilaya. Tunazo za mifugo kuingia mashambani na za usafi wa vyoo. Tutunge ya gulio na barabara: anayemzingira, anayemfuata au anayemshika msichana au mwanamke atozwe faini palepale na mgambo, na kosa likiwa kubwa apelekwe polisi. Na kama tunavyomtoza asiyetoka kwenye yowe la ng'ombe, atakayeitwa shahidi akakataa kufika naye aulizwe.

La pili ni la vijana wa bodaboda wenyewe. Sina vita nao. Kati yao wapo walionipeleka zahanati usiku na kukataa nauli, na wapo wanaowabeba watoto wetu kwa adabu. Hao ndio ninaowaomba. Kila kijiwe kina mwenyekiti, na dereva akimwibia abiria mzigo mnamfungia. Mfungieni na anayewafuata wanafunzi kwa pikipiki. Mwenzenu atawasikia ninyi kabla hajanisikia mimi.

La tatu ni letu sisi tuliokaa barazani. Si lazima kupigana. Niliwahi kuinuka kitini, mkasi mkononi, nikamwita binti aliyezingirwa kana kwamba namfahamu: "Wewe, njoo uchukue nguo yako, nimeshamaliza!" Akaja. Hatukuwa tunajuana. Nikamkalisha nyuma ya cherehani, nikawageukia vijana nikawauliza mmoja mmoja ni mtoto wa nani, kwa sauti ambayo barabara nzima iliisikia. Hakuna aliyejibu, lakini walitawanyika. Baadaye mzee mmoja alinionya kuwa naingilia mambo ya vijana. Nilimjibu kwa heshima: "Baba, yule naye ni kijana, mbona yake hayaingiliwi?" Tangu hapo muuza chumvi wa jirani naye huinuka nikiinuka, na tukiwa wawili ni rahisi zaidi.

Wazazi wa kiume nawaomba jambo la ziada. Binti yako akikuambia amefuatwa, usimuulize alikuwa amevaa nini. Muulize ni nani, na wapi, kisha twende pamoja. Akiona kwamba kusema kwake kumemletea fimbo, hatakuambia tena, na siku litakapotokea kubwa zaidi utakuwa wa mwisho kulijua. Kwa mtoto aliye hatarini, simu ya bure ya 116 inapokewa, na namba hiyo ifundishwe nyumbani na shuleni.

Mkutano mkuu wa kijiji unatakiwa kufanyika kila baada ya miezi mitatu. Kwa kawaida tunajadili michango ya madarasa, mbegu, madai ya pamba na mipaka ya malisho. Katika mkutano ujao nitanyoosha mkono niombe usalama wa wasichana njiani na gulioni uandikwe kuwa ajenda yenye namba yake, na mtendaji aisome kwa sauti. Nawaomba wanawake wenzangu wa Nkoma, na wa vijiji vingine vya Simiyu, mfanye vivyo hivyo kwenu. Na wanaume watakaokuwa wamekaa mbele, kama ilivyo desturi yetu, nawaomba wawe wa kwanza kusema wanaunga mkono.